Graniti, marumaru au terazo? Nenda dukani na ndimu

Mara ya mwisho nilipokwenda kumsaidia mtu kuchagua jiwe la jikoni nilikuwa na ndimu mbili kwenye mkoba. Muuzaji, kijana mchangamfu, alishaanza kutuonyesha bamba jeupe lenye mishipa ya kijivu lililoegemezwa ukutani. "Dada, hii ni graniti nyeupe, imara kuliko zote, haishiki hata doa." Nikamwomba kipande cha sampuli, nikakata ndimu, nikadondoshea matone matatu. Tukaendelea kupiga soga za foleni ya Mbagala. Dakika kama tano zikapita, nikafuta kwa kitambaa na kukiinua kile kipande kwenye mwanga wa mlangoni. Pale palipokaa ndimu palikuwa na duara lililofifia, mfano wa mtoto wa jicho. Kijana akacheka. "Basi dada, hii itakuwa marumaru."

Ilikuwa marumaru, na nzuri kweli. Lakini niliyekwenda naye ni mdogo wangu anayepika biriani za oda. Kila siku ya Mungu jikoni kwake kuna beseni la nyama iliyolowekwa mtindi na ndimu, kuna nyanya zilizosagwa, kuna ukwaju. Lile bamba lisingemaliza mwezi.

Tangu nijenge, watu wananiuliza jiwe gani wachukue, na wengi wanaanza na rangi. Mimi huanza na swali jingine: kwenye kaunta yako kunamwagika nini, na kunagongwa nini?

Majina kwanza, maana yanapotosha

Ukimwambia fundi wa Dar es Salaam akuwekee marumaru, atakuletea vigae vya kiwandani. Neno limehama, kila kigae cha sakafuni siku hizi ni marumaru. Ukitaka jiwe lenyewe sema "jiwe la marumaru", na msiachane kabla hamjaelewana.

Graniti ndiyo ile ambayo vitabu vya jiografia vinaiita matale, ingawa sijawahi kusikia duka linalouza matale. Mtu wa Mwanza hahitaji maelezo: yale majabali yaliyopandana mjini, na lile Jiwe la Bismarck linalosimama ziwani, ni graniti iliyopoa polepole chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Kwa kuwa ilipoa polepole, punje zake zilipata nafasi ya kukua, ndiyo sababu unaziona kwa macho: za kioo-kioo, nyeupe au za waridi, na vimeremeto vyeusi. Bamba lenye punje za namna hiyo, huku ndimu haliling'ati, ni graniti au jamaa yake.

Marumaru ni ukoo mwingine kabisa. Ni jiwe la chokaa lililopikwa kwa joto na mgandamizo wa ardhi mpaka likabadilika. Kikemia ni ndugu wa matumbawe yaliyojengewa nyumba za Mji Mkongwe na Lamu, na ndugu wa chokaa iliyopakwa kwenye kuta zake. Siki ikidondokea chokaa inatoa vipovu. Ikidondokea marumaru inafanya kazi hiyohiyo, ila kimyakimya, na inakuachia alama. Sisi wenyewe tunayo marumaru nyingi milimani. Spineli na rubi za Mahenge zinatoka ndani ya miamba ya marumaru, kwa hiyo wapo watu wanaoivunja na kuitupa pembeni wakitafuta vito, huku wengine wanasubiri ya Italia ishuke bandarini.

Halafu kuna "graniti nyeusi". Mengi kati ya mabamba meusi yanayouzwa kwa jina hilo si graniti kwa mtu wa jiolojia. Ni gabro, dolerite na mengine ya namna hiyo. Hilo lisikusumbue, kwa sababu jikoni yanafanya kazi vizuri, pengine kuliko graniti halisi, maana mengi yananyonya maji kidogo sana. Linalopaswa kukusumbua ni jiwe la kijivu lililopakwa dawa likawa jeusi. Lipime hivi: chukua kitambaa cheupe, kilowanishe rimuva ya kutoa rangi ya kucha, ile yenye asetoni, sugua kwa nguvu mahali pasipoonekana. Kitambaa kikitoka na weusi, mwachie mwenyewe.

Jozi ya mwisho ya majina inayochanganya ni kwatzi na kwatzaiti. Kwatzaiti ni jiwe la asili, mchanga wa kale ulioshikamana ukawa mgumu kupindukia. Kwatzi ya madukani ni bidhaa ya kiwandani: unga na kokoto za madini ya kwatzi, kwa kawaida asilimia 90 na ushee ya uzito, vikashikwa na gundi ya plastiki. Bei zake, tabia zake na matunzo yake ni mbalimbali, lakini wauzaji wanazitaja kana kwamba ni kitu kimoja.

Kaunta mbili ninazozijua

Badala ya kulinganisha hewani nitalinganisha kaunta yangu na ya mama mdogo. Yangu ni graniti ya kijivu yenye punje nyeusi, unene wa milimita 20, imelazwa juu ya slabu ya zege tangu 2015. Ya mama mdogo, Tanga, ni marumaru ya rangi ya maziwa ya chai. Mwanawe anafanya kazi Muscat, na Oman wanachimba marumaru nyingi. Aliporudi likizo mwaka 2019 alitaka mama yake awe na jiko kama alizoziona huko. Siku ilipomalizika tulikaa kuitazama tu. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuweka sufuria.

Wiki ya tatu nikapita. "Shikamoo mama mdogo." "Marahaba mwanangu, hebu njoo uone huku." Pembeni mwa sinki kulikuwa na duara tano zilizofifia, saizi moja na kitako cha glasi. Juisi ya ukwaju. Alikuwa amezisugua kwa sabuni, akazisugua kwa stilwaya, na sasa kuzunguka zile duara kulikuwa na mikwaruzo pia. Yeye alidhani ni madoa yanayokataa kutoka, kumbe hakukuwa na kitu cha kutoka. Uso wa jiwe ulikuwa umeliwa.

Hapo ndipo watu wengi wanapokosea, kwa hiyo nipaeleze vizuri. Doa ni kitu kilichoingia ndani ya jiwe: mafuta, chai, manjano. Doa lina rangi, na linaweza kuvutwa litoke. Kuliwa ni tindikali kuyeyusha ngozi ya juu, na dalili yake ni kufifia: ukiangalia kwa mbele huoni kitu, ukiinama ukatazama mwanga wa dirishani unaiona. Dawa ya kuziba jiwe, wanayoiita sila, inazuia doa. Kuliwa haizuii. Muuzaji akikuahidi kwamba marumaru yake "imeshapakwa dawa, haina shida na ndimu", mpe ndimu.

Kwangu mimi ndimu imemwagika miaka yote hii, siki ya achari imemwagika, na graniti haina habari.

Kwenye mafuta hali ni tofauti kidogo, na hapa siwezi kujisifu. Graniti ya rangi nyepesi ina vinyweleo. Mafuta ya kupikia yakilala usiku mzima yanaacha kivuli cheusi. Ninacho kimoja pale ninapoweka chupa ya mafuta, kimenishinda kukitoa chote. Marumaru nayo inanyonya, na kwa weupe wake kila kitu kinaonekana: manjano, kahawa, rangi ya biriani. Kwa mafuta basi, zote mbili zinahitaji ulinzi. Anayepumzika ni mwenye jiwe jeusi lililoshikamana.

Kisu: kwa kipimo cha Mohs cha ugumu, kinachoanzia 1 na kuishia 10, marumaru iko kwenye 3 hivi, chuma cha kisu kwenye 5 na nusu, graniti kati ya 6 na 7. Kwa hiyo kisu kinakwaruza marumaru, ilhali graniti inakwaruza kisu. Kata juu ya kibao popote ulipo; kwa mama mdogo unaokoa jiwe, kwangu unaokoa makali.

Moto: sufuria iliyotoka jikoni haiichomi graniti wala marumaru. Hatari iliyopo ni ya ghafla, yaani sehemu moja ya jiwe ipate moto mkali huku nyingine ni baridi, hasa kwenye ule ukanda mwembamba mbele ya sinki. Jiko la mkaa usiliweke juu ya jiwe lolote. Hata jivu lake tu ni adha.

Mchi ndio adui ambaye maduka hayamtaji. Vitabu vya wenzetu havina kinu cha kutwangia vitunguu saumu na tangawizi, wala havina mtu anayepasua nazi kwa kuigonga kwenye ukingo wa kaunta. Graniti ni ngumu lakini haina mnyumbuliko; ukiigonga ukingoni inabanjuka kipande, ukiitwangia katikati na chini yake kuna kabati lenye uwazi, inaweza kutoa ufa. Kwangu kuna zege chini na bado kinu kinakaa sakafuni. Nazi tunapasulia nje, kwenye ngazi.

Upande ambao marumaru inaishinda graniti ni uzuri, na nakiri bila kinyongo. Marumaru inapitisha mwanga kidogo chini ya ngozi yake, ndiyo maana inaonekana kama ina uhai. Tena ni baridi na laini, chapati inasukumika juu yake bila kunata sana (na graniti iliyong'arishwa inafanya hivyohivyo, maana nasukumia hapohapo). Bafuni, kwenye meza ya sebuleni, kwenye kona ya kuokea keki ambako hakuna ndimu, ningeichagua marumaru bila kusita.

Terazo, ya wasio na haraka

Watu wanaidharau kwa sababu wameikanyaga shuleni na kwenye korido za hospitali. Wangejiuliza ni miaka mingapi zimekanyagwa korido zile. Terazo ni kokoto za mawe, mara nyingi marumaru, zilizochanganywa na simenti, nyeupe au ya rangi, zikamwagwa mahali pake, zikakauka siku kadhaa, kisha zikasagwa kwa mashine kuanzia jiwe la kusagia la mparuzo hadi laini. Katikati ya kusaga fundi anapaka uji wa simenti kuziba vitundu, anaacha ukauke, anasaga tena.

Kwa kaunta ina faida tatu ambazo bamba haliwezi kukupa. Haina maungio, hata kona ikiwa ya umbo la L. Fundi anaweza kuimwaga pamoja na karo lake, likawa kitu kimoja. Na ikichakaa unasaga upya. Kwa kawaida inagharimu chini ya graniti pia, ingawa matope ya kusaga yatakaa nyumbani kwako siku nyingi kuliko ulivyoahidiwa. Fundi wa terazo aliyekwambia siku nne, mhesabie kumi.

Ubaya wake ni kwamba kokoto ni za ukoo wa chokaa na simenti nayo ina chokaa, kwa hiyo ndimu inaila kama inavyoila marumaru. Tofauti ni kwamba kwenye yale madoadoa ya rangi mchanganyiko huoni haraka. Na slabu iliyo chini ikitikisika, terazo inapasuka mahali ilipotaka yenyewe.

Ya kiwandani, na ninayoyaruka

Kwatzi ya kiwandani hainyonyi, haihitaji sila, ndimu haiidhuru, na rangi unapata unayotaka. Udhaifu wake ni ile gundi. Joto la kuanzia nyuzi 150 hivi linaweza kuiharibu, na mafuta ya kukaangia maandazi yanafika 170 au 180, kwa hiyo karai lililotoka jikoni likitua pale unaweza kubaki na duara la manjano la kudumu. Jua pia: kwenye jiko la nje au kaunta iliyo chini ya dirisha la magharibi inaweza kugeuka rangi. Zaidi ya hapo kuna vumbi. Mafundi wanaoikata kavu wanavuta vumbi la silika, yaani unga mwembamba wa hiyo kwatzi, linaloharibu mapafu, na Australia imepiga marufuku mawe hayo ya kutengenezwa kuanzia 1 Julai 2024. Graniti nayo ina silika, ingawa kidogo kuliko hiyo. Fundi akija na grainda kukata uwani kwako, mpelekee maji, amwagie anapokata, na watoto waingie ndani. Kama hana barakoa, mnunulie.

Kwatzaiti halisi, ukiipata na mfuko ukiruhusu, ina sura ya marumaru na ugumu wa graniti. Lakini ipime kwa ndimu, maana marumaru nyingi zimeuzwa kwa jina lake.

Jiwe la Mazeras ni la njia na kuta za nje. Ni jiwe la mchanga, litakunywa mafuta yako yote. Jiwe la Kisii, lile laini la vinyago wanalolichonga Tabaka, Kenya, kisu cha mchongaji kinalikata, sasa fikiria sufuria yako. Yaache kwa kazi zake.

Ukinishika mkono uniulize

Jiko la kupika kila siku, lenye nazi, ndimu na mafuta ya kukaangia: graniti nyeusi au ya kijivu iliyokolea, milimita 20, juu ya zege. Mfuko mdogo na fundi mzuri unamjua: terazo. Nyumba ya watu wawili wanaokula nje nusu ya wiki: chukua marumaru yako, ujue utaishi na alama zake. Mdogo wangu wa biriani alichukua nyeusi, na hadi leo analalamika tu kwamba vumbi na alama za vidole zinaonekana. Ni kweli zinaonekana. Nyeusi iliyong'arishwa haifichi vumbi.

Siku ya kununua

Chagua bamba lako mwenyewe, lililosimama, kwenye mwanga wa nje. Sampuli ya kiganja haionyeshi mshipa utakaopita katikati ya kaunta. Mwagia maji kidogo sehemu moja, subiri robo saa, futa. Pakibaki peusi, jiwe linanyonya, nalo litahitaji sila. Pitisha ukucha kwenye kila mstari unaoutilia shaka: ukucha ukinasa ni ufa, usiponasa ni mshipa wa asili. Kwa nyuma, ukiona wavu uliogandishwa kwa gundi, jiwe hilo ni dhaifu kidogo na kiwanda kimelishika. Si lazima ulikatae, lakini usilitumie mahali penye kuning'inia.

Unene ni jambo ambalo linakwenda na kilicho chini. Nyumba zetu nyingi zina kaunta ya tofali na slabu ya zege, na hapo hata bamba jembamba linakaa kwa raha kwa sababu limeegemea kila mahali. Ukiwa na makabati ya mbao, usishuke chini ya milimita 20, na sehemu inayochomoza mbele kwa ajili ya viti isizidi sentimita 15 hivi bila mhimili. Uzito nao si wa mchezo: mita moja ya mraba ya graniti ya milimita 20 ina kilo 54 hivi, kwa hiyo kaunta ya mita 3 kwa sentimita 60 inakaribia kilo 97. Ya milimita 30 inapita 145. Makabati ya mbao za kusagwa yaliyoshalowa maji chini ya sinki hayabebi hiyo.

Uliza bei ni ya mita ya mraba au ya mita ya urefu, na kama kukata tundu la sinki, kung'arisha ukingo na kusafirisha vimo ndani yake. Mara nyingi havimo. Uliza pia maungio yatakuwa wapi. Mabamba mengi yanayokuja yana upana wa sentimita 60 hadi 70, sasa kama kaunta yako ina kina cha 75 utaletewa kiraka kwa nyuma, na utagundua siku ya kufunga.

Nami yalinikuta mengine. Vijana walibeba bamba langu la kwanza likiwa limelazwa kama godoro, wanne, kila mmoja pembe yake. Hawakuwa wamefika mlangoni, likakatika kwenye tundu la sinki kwa mlio kama wa kuni kavu. Jiwe linabebwa likiwa limesimama, kama kioo, na tundu la sinki ni bora likatwe au angalau limaliziwe likiwa limeshafika. Tulibishana nani alipe mpaka magharibi ikaingia. Andikianeni kabla: likivunjika njiani ni la nani.

Kuishi nalo

Kila siku: maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya maji ya vyombo, kitambaa laini, kisha kaushia kitambaa kingine. Hiyo ya mwisho ndiyo inayosahauliwa, na kwa sisi wa maji ya kisima ndiyo kazi yenyewe. Maji ya visima vingi vya Dar es Salaam yana chumvi. Yakikauka kuzunguka bomba yanaacha ukoko mweupe, wiki kwa wiki, mpaka unadhani jiwe limeota ukurutu. Kwenye graniti lowanisha kwa maji ya sabuni, laza wembe karibu ubapa, sukuma taratibu, ukoko unatoka kama magamba ya samaki. Kwenye marumaru usithubutu wembe. Tumia kipande cha plastiki ngumu. Siki inayotajwa kila mahali kuwa dawa ya ukoko ni kweli inautoa, na kwenye marumaru na terazo inautoa pamoja na ngozi ya jiwe.

Dawa za choo zenye asidi zisikaribie kaunta ya aina yoyote. Stilwaya, majivu na mchanga viishie kwenye masufuria, na msugue sufuria ndani ya karo, si juu ya jiwe.

Mtungi mdogo wa gesi wenye jiko juu yake, ule wa kilo 6, una tabia ya kuacha pete ya kutu pale unapokaa. Kwenye marumaru kutu ni karibu ya milele. Weka kibao chini yake, au kipande cha kigae.

Doa la mafuta linatolewa kwa kuvutwa. Changanya poda nyeupe ya mtoto na rimuva mpaka iwe kama ugali laini, bandika juu ya doa kwa unene wa nusu sentimita, funika kwa nailoni, bandika gundi pembeni, acha mpaka kesho. Kisha toa nailoni, acha ikauke yenyewe, kwangua. Poda inaponyauka inanywa mafuta kutoka ndani. Ikibidi rudia mara tatu. Rimuva inashika moto haraka, kwa hiyo gesi iwe imefungwa na madirisha yawe wazi. Kwa chai, kahawa au manjano kwenye jiwe jeupe, tumia poda na haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa. Kwenye jiwe jeusi usiitumie, inaweza kulipausha.

Sila unapaka pale maji yanapoanza kunywewa tena, kwa kipimo kilekile cha robo saa. Kwangu inafika kama mwaka na nusu; kwa jiwe jeusi lililoshikamana pengine usiihitaji kabisa. Safisha, acha jiwe likauke usiku kucha, paka kwa kitambaa, subiri muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha futa yote iliyobaki juu. Wanaoiacha ikaukie juu wakidhani nyingi ndiyo nzuri wanapata utando wa ukungu unaoshika vumbi, na kuutoa ni shughuli.

Ya mama mdogo tulihangaika nayo karibu mwaka. Kung'arisha duara moja moja haikusaidia, maana baada ya siku mbili zilizuka nyingine. Mwishowe fundi akasema: "Mama, kwa nini tusiutoe mng'ao wote?" Akaja na visahani vya almasi vya kusugulia, akamimina maji, akasugua kaunta nzima mpaka ikawa laini isiyong'aa, kama ganda la yai. Ndimu bado inaila, ila hakuna tena mng'ao wa kuonyesha palipoliwa. Tulipomaliza kufuta matope mama mdogo akapitisha kiganja toka mwanzo wa kaunta hadi sinki, akarudi nacho.

"Sasa mngenifanyia hivi tangu siku ya kwanza," akasema, akaitua jagi ya ukwaju palepale.